Bango limepanda, pesa hazijashuka

Ami, salaam aleikum.

Mimi ni msichana wa Kisauni, Mombasa, na kazi yangu ni dizaini: posta, kadi za harusi, menyu, logo, stika za tuktuk. Sina ofisi. Nina laptopu ya mtumba na namba ya WhatsApp, na wateja wangu wengi ni jamaa, majirani, au watu walioona kazi yangu kwa mtu wakaniulizia.

Mwaka jana rafiki wa babangu alifungua mkahawa mjini. Akaniita, akanikaribisha chai na mahamri, akaniambia, "Mwanangu, nataka kazi safi, na wewe ni wa nyumbani." Tukapatana elfu nane kwa logo, menyu ya kurasa nne na bango la mlangoni. Akanitumia elfu mbili kwa M-Pesa, nami nikaanza kuchora siku ile ile. Basi ndipo yalipoanza: rangi hii haipendezi, weka samaki, mtoe samaki, mke wangu apenda zambarau, mwanangu aliyeko Nairobi asema herufi ni za kizamani, hebu mrudishe yule samaki. Mwisho akaomba nimtumie faili kamili "aione vizuri kwenye kompyuta." Nikamtumia. Tangu hapo, kimya.

Siku moja napita na tuktuk nikaona bango limepandishwa. Logo ndiyo yangu, samaki ndiye yule yule. Wahudumu wamevaa fulana zenye logo, hata maboksi ya chakula yamechapwa. Nilipomwandikia akajibu, "Biashara bado haijasimama, vuta subira." Babangu asema nimsamehe kwa kuwa walisoma pamoja. Mamangu asema nimwanike mtandaoni ashike adabu. Rafiki yangu asema logo ni mali yangu kisheria, naweza kumlazimisha alishushe bango. Nimsikilize nani?

La pili ni bei. Wapo vijana wafanyao flaya kwa shilingi mia tatu, na wengine hujitengenezea wenyewe kwenye simu kwa programu ya Canva. Kila mteja hunianza na hilo, nami nimeanza kushusha hadi sioni faida.

La tatu, kuna mama wa Kibokoni, Mji wa Kale, anauza viazi karai na bajia jioni, mlangoni kwake. Ana shilingi elfu tano, ataka logo na kadi za biashara mia mbili. Kazi naitaka, ila naogopa kuumia tena.

Mchoraji, Kisauni

*

Waleikum salaam, mwanangu.

Tuanze na rafiki yako, kwa sababu ushauri wake ndio utakaokutia hasarani zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 husema haki ya kazi ni ya aliyeitengeneza. Hadi hapo yuko sawa. Lakini sheria hiyo hiyo yaendelea kusema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mlipatana vingine. Nyinyi hamkupatana lolote juu ya haki. Kwa hiyo ukienda mlangoni kwa yule mzee ukidai ashushe bango kwa kuwa logo ni yako, wakili yeyote atakurudisha nyumbani. Ulicho nacho ni deni la shilingi elfu sita, na deni ni kitu kizuri sana kushikilia kwa sababu halina ubishi wa nani kachora nini.

Ushahidi unao. Ujumbe wenu wa WhatsApp wa kupatana bei upo, ujumbe wa M-Pesa wa elfu mbili upo, na bango lenyewe laonekana barabarani. Lipige picha leo, na boksi moja ulihifadhi.

Kumwanika mtandaoni, hapana. Sisemi hivyo kwa kumhurumia. Kisiwa hiki ni kidogo, na mwenye mkahawa mwingine atakayesoma malalamiko yako hatakumbuka kwamba ulidhulumiwa. Atakumbuka kwamba wewe ni dizaina anayeanika wateja. Ukiteleza neno moja lisilo kweli, mdai atageuka mdaiwa. Na babako naye nampa heshima yake, lakini kusamehe ni haki ya anayedai, na anayedai ni wewe. Yeye mpe kazi nyingine: ampelekee rafiki yake ankara mkononi. Mambo ya wazee waliosoma pamoja husikika zaidi yakiletwa na mzee mwenzake kuliko na binti wa WhatsApp.

Ankara hiyo iende pamoja na maneno haya, au mfano wake:

"Mzee wangu, salaam aleikum. Kazi ya logo, menyu na bango tuliyopatana kwa Sh8,000 ilikamilika, na nafurahi kuona mnaitumia. Nilipokea Sh2,000, zimebaki Sh6,000. Naomba zinifikie kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ikiwa itakuwa nyepesi kwenu kulipa mara mbili, Sh3,000 sasa na Sh3,000 mwezi ujao, mimi sina neno."

Usiongeze kitu: wala lawama, wala habari za samaki. Umempa mlango wa kulipa mara mbili kwa makusudi, maana akijibu tu "sawa, nitalipa nusu Ijumaa," amekiri deni kwa maandishi yake mwenyewe, na kuanzia hapo huna la kuthibitisha tena. Akinyamaza, mwandikie mara moja nyingine, umtajie tarehe, na umwambie kwamba baada ya tarehe hiyo utakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Mombasa ipo. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja, si lazima uwe na wakili, na sheria yataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Wengi hulipa wakisikia jina lake tu. Usilitaje kama hukukusudia kwenda.

Hayo ni ya nyuma. Yanayonishughulisha zaidi ni ile "nikaanza kuchora siku ile ile." Shida yako, mwanangu, haikuanza alipokunyima pesa; ilianza chai ilipopoa ukakimbilia laptopu. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima, kuandika vipimo daftarini na kupokea arbuni, hata mteja akiwa shemeji yake, na hakuna anayemwona mchoyo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lako wewe ni ujumbe mmoja wa WhatsApp, umtumie mteja naye ajibu "nimekubali," kabla hujafungua programu yoyote.

Ujumbe huo useme kazi ni vitu gani hasa, kwa hesabu na vipimo. Useme bei, na kwamba nusu ni arbuni. Useme atapata marekebisho mara mbili, na kila la ziada lina bei yake, iandike ni ngapi. Useme faili kamili zitatoka salio likishaingia, na kwamba kabla ya hapo ataona picha ndogo yenye jina lako katikati. Na kwa vile sheria ni kama nilivyokwambia, ongeza mstari huu: "Haki zote za kazi hii zabaki kwangu mpaka malipo yakamilike." Kwa mstari huo mmoja yale maneno ya rafiki yako yangekuwa kweli.

Kisha muulize mteja swali ambalo wengi huliona la kijinga: ni nani mwenye kauli ya mwisho? Soma tena barua yako. Mke apenda zambarau, mtoto wa Nairobi hapendi herufi, mzee mwenyewe hajui kama amtaka samaki au hamtaki. Ulikuwa ukifanya kazi ya watu watatu kwa bei ya mmoja, na kila mmoja alikuwa akirekebisha marekebisho ya mwenziwe. Mteja akitaja jina, mwambie maoni yote yapitie kwa huyo, yaje pamoja. Akisema "sote," bei ipande.

Tuje kwenye bei. Wa mia tatu mwache na mia tatu yake. Wewe hujawahi kukaa na kalamu ukajua saa yako ni shilingi ngapi, ndiyo maana kila anayekuja na bei ya jirani anakutikisa. Tuseme wataka kubaki na Sh45,000 kwa mwezi. Tuseme tokeni za stima, bando, programu na kuiwekea akiba laptopu ile ya mtumba siku itakapokufa ni Sh10,000. Jumla Sh55,000. Sasa, saa ngapi kwa mwezi unalipwa kweli? Ondoa kujibu jumbe, kufuata madeni, kusubiri wachapaji, safari za mjini. Ukipata saa 80 mshukuru Mungu. Gawanya: saa moja ni kama Sh690. Logo ya maana, pamoja na kuuliza, kuchora kwa penseli, kusafisha na kutoa faili, haipungui saa 12. Hiyo peke yake yakaribia Sh8,300. Yaani ile elfu nane ya mkahawa ilikuwa bei ya logo tu, na menyu na bango ulimpa bure kabla hata hajakudhulumu.

Na Canva usiishindanie, itumie. Mtu anayetaka flaya ya mnada wa kesho mwambie ajitengenezee. Akishindwa, mfundishe kwa malipo. Ila akitaka logo, mweleze jambo ambalo wengi hawalijui: michoro iliyomo kwenye maktaba yao hutumiwa na yeyote duniani, na masharti yao hayaruhusu kuisajili kuwa alama ya biashara. Mwenye duka anayetaka kesho kwenda KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili alama za biashara, kuandikisha alama yake anahitaji mtu wa kumchorea. Mtu huyo ni wewe, na bei yake si mia tatu.

Kisha kuna maarifa ambayo simu haina, nayo ndiyo ya kuuza. Kioo cha simu huchanganya rangi za mwanga, mashine ya chapa huchanganya wino. Buluu ile inayong'aa kwenye kioo hutoka imefifia kwenye karatasi, na mteja humlaumu aliyechora. Karatasi itakayokatwa pembeni inataka rangi ivuke mpaka kwa milimita tatu, la sivyo hubaki ukingo mweupe. Na jua letu hili! Tembea Moi Avenue uangalie mabango ya zamani: nyekundu na njano zimeondoka, imebaki buluu na nyeusi. Mwenye bucha aliyeandika bei zake kwa nyekundu juu ya nyeupe, baada ya misimu miwili hana bei. Bati nalo hewa ya chumvi hulila. Anayeyajua haya kabla ya kuchapa humwokolea mteja pesa nyingi kuliko tofauti ya bei yenu.

(Wateja wakubwa kama hoteli na mashirika watakuomba ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa kuwa tangu 2024 gharama isiyo na ankara hiyo hawawezi kuiondoa katika hesabu za kodi. Jisajili mapema. Kazi nzuri hupotea kwa jambo dogo kama hilo.)

Sasa mama wa Kibokoni. Ichukue kazi yake, lakini usimfanyie alichokiomba. Kwanza nenda ukakae pale jioni moja, ununue viazi vyako, utazame. Nani anakuja? Nadhani utaona majirani, watoto waliotumwa na sahani, vijana wanaotoka msikitini baada ya magharibi, na mara moja moja watalii waliopotea njia wakitoka Fort Jesus. Sasa niambie, kati ya hao ni nani wa kupewa kadi ya biashara? Mkono mmoja una kiazi cha moto, wa pili una ukwaju unaochuruzika. Kadi mia mbili zitabaki kwenye droo mpaka abadilishe namba ya simu.

Anachohitaji ni muhuri. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 bajia zake zinatoka kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, na kila mfuko unaotoka pale unaingia nyumba ya mtu mwingine. Mfuko huo ni mtupu, hauna hata neno. Mchoree logo ya rangi moja itakayokaa kwenye muhuri wa mpira wa sentimita tano: jina lake kama mtaa unavyomwita, neno "viazi karai na bajia," namba ya WhatsApp na saa anazouza. Apige muhuri mifuko asubuhi ikiwa mikavu, kwa sababu karatasi ikishanyonya mafuta wino haushiki. Muhuri ni pesa kidogo, na utampa kazi mwaka mzima.

Na ukichora, usimtafutie picha ya kiazi kinachocheka. Angalia leso, yaani kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kina mahali pake. Macho yajua yaanzie wapi. Kisha usome ukingoni mwa leso za Biashara Street maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla," alama ya duka la leso. Hakuna mchoro hapo, ni maneno tu, na wanawake wa pwani yote huyatafuta kabla ya kulipa. Jina lililoandikwa vizuri lamtosha mama huyu. Lichore kwa mkono wako, liwe nene, lisomeke likiwa dogo na likichapwa vibaya, maana hakika litachapwa vibaya.

Ubao wa mlangoni uwe mmoja. Mafundi wa mabango wana kanuni: herufi ya inchi moja kwa kila futi kumi za umbali. Kichochoro cha Kibokoni hakifiki mbali, kwa hiyo inchi mbili au tatu zatosha, na pesa za ubao mkubwa zibaki mfukoni. Juu iwe bidhaa, katikati bei, chini namba ya Till ya kulipia kwa M-Pesa, na hiyo Till iwe kubwa kuliko unavyoona inapendeza. Mtu aliyesimama gizani na simu mkononi hataki kuuliza mara tatu. Usitumie buluu kwenye ukuta. Tangu kaunti ilipoamuru 2018 majengo ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, ubao wa buluu hupotea palepale. Na kabla ya kupigilia msumari wowote aulize ofisi ya kaunti kuhusu ada ya bango, tena Mji wa Kale una masharti yake ya hifadhi.

Simu yake mwekee WhatsApp Business, ni bure. Picha za bidhaa mpigie wewe, alasiri, karibu na dirisha, bila taa ya simu, kiazi kimoja kikiwa kimevunjwa ili ndani ionekane. Mfundishe kutuma orodha ya vyakula vya leo kwa wateja wote mara moja. Hapo kuna siri moja ndogo: ujumbe unaotumwa hivyo kwa wengi mara moja (broadcast) haumfikii mtu ambaye hakuhifadhi namba yako. Ndiyo maana kwenye muhuri, chini ya namba, uandike "Hifadhi namba hii."

Elfu tano itagawanyika hivi: muhuri, ubao mdogo, na kinachobaki ni chako. Hakitafika bei ya saa zako zote, najua. Mwambie hivyo wazi, umwandikie kwenye ankara bei kamili na punguzo ulilompa, ili asije akamwambia jirani kwamba wewe ni wa elfu tano. Arbuni nusu hata kwake.

Kisha Ramadhani ikikaribia mrudie. Kila nyumba ya mtaa ule itakuwa na ratiba ya futari na daku ukutani au kwenye friji, na itatazamwa kila siku kwa mwezi mzima. Mara nyingi chini yake pana jina la duka fulani. Safari hii liwe lake, na namba ya kuagiza viazi kabla ya saa kumi. Nyakati zichukue msikitini, uzihakiki siku kwa siku kabla ya kupeleka kwa mchapaji, maana ukikosea magharibi hata kwa dakika mbili mtaa wote utataka kujua nani kaichora. Na hiyo ni kazi nyingine kabisa: ujumbe wake mpya, bei yake mpya, arbuni yake mpya.